Kioo Alichosaga Jayaben

Ba alikuwa amemshika Jayaben viganja vyote viwili juu ya karai, anavisugua kwa jivu na kumbi la nazi. Maji yalikuwa mekundu. "Mjane hana nyekundu," alisema, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Hina hana, tika ya paji hana, na hii pia hana." Akapita katikati ya vidole, kimoja kimoja. Baadaye nyekundu iliyokuwa ikitoka haikuwa ya unga tena, ilikuwa ya ngozi, lakini Ba alikuwa mwanamke asiyeacha kazi nusu.

Jayaben hakulia. Alinitazama mimi niliyesimama na ndoo, akasema kwa sauti ya chini, "Winifrida, kifunike kioo. Jivu linaruka."

Kioo kilikuwa juu ya pipa, pale pale darini, ndani ya kibanda cha bati ambacho Ravindrabhai alikiita obzavatori, chumba cha darubini ya kutazamia nyota. Paa la kibanda lilikuwa na magurudumu. Ukivuta kamba linasogea lote na mbingu inabaki wazi. Ulikuwa mwaka hamsini na sita, juu ya ghorofa moja ya Mtaa wa Kitchwele, ambao sasa tunauita Uhuru. Kutoka pale uliona mabati ya Kariakoo yamebanana mpaka Gerezani, kwenye moshi wa karakana za reli. Chini kulikuwa na duka la vyuma la Ravindrabhai: misumari ya kupimwa kwa ratili, bawaba, kufuli, makopo ya rangi. Barazani alikaa mume wangu Theophil na cherehani yake. Tulikuwa tumeshuka kutoka Kibosho, tumepanga chumba Mtaa wa Mchikichi, na mimi nilifua nguo za nyumba ile, binti yangu Severa mgongoni. Ba alikuwa mama yake Ravindrabhai. Jina lake la kuzaliwa sikulisikia hata siku moja. Ba ni mama kwa lugha yao, nasi sote tulimwita hivyo.

Darubini haikuwa ya Ravindrabhai. Ilikuwa ya mdogo wake, Umakant, kijana mwembamba aliyevaa miwani na kucheka peke yake akipanda ngazi. Jayaben aliletwa kwa meli kutoka Gujarati kuja kuolewa naye, na wiki ile ile ya kwanza Umakant alimpandisha darini akamwonyesha mwezi. Ilikuwa darubini ndogo, kioo chake kama kisahani cha chai. Akamwambia, hiki kidogo, nitakutengenezea kikubwa, utaona mpaka vivuli vya milima iliyoko kule. Akaagiza ng'ambo vipande viwili vya kioo, vizito, kila kimoja upana wa sinia. Vilipofika bandarini majivu ya Umakant yalikuwa yameshatiwa baharini. Homa ilimchukua kabla mwaka wa ndoa haujatimia.

Kwa hiyo Jayaben akavuliwa bangili, akavishwa sari nyeupe, akapewa chumba cha nyuma karibu na jiko. Watu walipokuja kutoa pole waliviona vile vioo ukumbini, bado ndani ya sanduku la mbao, wakauliza ni vya nini. Ravindrabhai, ambaye hakuwahi kutazama juu ila kama mvua inakuja, akajibu kwamba ataimaliza kazi ya ndugu yake. Niliona uso wake ulivyofurahi wageni walipoitikia kwa vichwa. Tangu siku ile akawa mtu wa nyota.

Sasa mikono ya kuimaliza kazi hiyo ilikuwa ipi? Akamwita Jayaben mlangoni mwa jiko, mimi nimepiga magoti napanga nguo kapuni. "Jaya," alisema, "utakisaga wewe. Umakant alikuonyesha namna. Kikiisha, jicho la kwanza litakuwa lako. Naye angetaka hivyo."

Jayaben aliinamisha kichwa. Lile neno alilichukua akaenda nalo, na alikaa nalo miaka miwili.

Pipa alilipandisha Mwinyimvua, hamali wa pale dukani, kamba kwenye paji, na kila ngazi ana neno lake. "Tajiri, mafuta haya unawapelekea malaika?" Tulilijaza mchanga lisitikisike. Kioo kimoja kikafungwa juu ya pipa kwa vigingi, cha pili kikalazwa juu yake, na katikati tukamwaga maji na unga mkali wa msasa. Unasukuma mbele, unavuta nyuma, unakigeuza kidogo, unasogea hatua, unasukuma tena. Unalizunguka pipa kama ng'ombe wa kinu. Cha chini kinavimba, cha juu kinaliwa katikati, polepole mno, kinakuwa na shimo ambalo jicho halilioni lakini kiganja kinalijua. Tulianza na unga wa chenga, tukashuka kwa mwembamba, kisha mwembamba zaidi. Kila tukibadili, Jayaben aliosha kila kitu: pipa, sakafu, ndoo, mikono yetu mpaka kwenye viwiko, na nywele zake. Chembe moja ya unga wa zamani ikibaki inachora mstari, unarudi mwanzo. Aliwahi kunifungua khanga akaikung'uta kwenye ukingo wa dari, mtoto yumo. Severa alicheka, akidhani ni mchezo.

Mwishoni ikaja lami, ya kupakwa kioo cha chini, na unga mwekundu, laini kuliko poda, wa kung'arisha. Joto la Dar es Salaam liliiyeyusha lami ikawa kama uji, ikabidi tufanye kazi alfajiri, magunia mabichi yametuzunguka. Ndiyo siku zile za jivu na kumbi la nazi. Kila asubuhi viganja vyake vilikuwa vyekundu kama vya bibi harusi, na kila asubuhi Ba alikuwa anamngoja kwenye karai.

Jioni wageni walikuja kunywa chai, na Ravindrabhai aliwapa habari za kazi. "Mwezi huu nimemaliza unga wa tatu," alisema, akiinua kikombe kwa vidole laini visivyo na hata kovu la msumari, licha ya duka lake. "Lami inanisumbua. Joto." Jayaben alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, maana mjane hawapelekei wageni sinia. Mara moja nilimwona anatabasamu. "Anasema vizuri," aliniambia. "Mimi nisingeweza kueleza hivyo."

Ikafika kutia fedha. Kioo kitupu hakirudishi mwanga wa kutosha. Lazima uso wake upate utando wa fedha. Dawa zilitoka kwa mkemia, sukari ilitoka jikoni. Jayaben alikilaza kioo kwenye karai, akamimina, akalitikisa karai kama anambembeleza mtoto. Maji yakawa ya kahawia, yakawa meusi, nikadhani tumekiharibu. Alipokitoa na kukisuuza, niliuona uso wangu mkubwa umejaa mle ndani, na uso wa Severa begani kwangu. Vidole vya Jayaben vikawa vyeusi kwa ile dawa, weusi usiotoka kwa jivu wala kwa nini. Ba aliutazama, akauacha. Nyeusi hakuwa na neno nayo.

"Sasa kisiguswe," Jayaben alimwambia Ravindrabhai, nami nikiwepo. "Hata kwa pamba. Fedha hii ni kama ngozi ya maziwa."

"Najua," alijibu. Na alijua.

Siku aliyoichagua Ravindrabhai ya kukizindua ilikuwa Dassera, sikukuu yao. Siku hiyo wenzetu wale huviheshimu vyombo vya kazi: kila chombo kinachomlisha mtu hupakwa kumkum, ule unga mwekundu, hubandikwa punje za mchele na kunyunyiziwa maji ya nazi. Asubuhi Ba alishuka dukani akaipaka mizani, akapaka mikasi, akapaka kufuli la mlango mkubwa. Cherehani ya Theophil nayo ilipata alama yake. Mwinyimvua akaleta bega lake. "Na mimi chombo, Ba. Nipake." Ba alicheka, jambo la nadra, akampaka kweli.

Jioni walipanda wafanyabiashara kama ishirini na wake zao, sari za kila rangi. Mwezi ulikuwa umeshatoka upande wa bandari, mpana, mweupe, jua halijazama. Mimi niliambiwa nishike sinia la ibada. Jayaben aliambiwa abaki jikoni: jambo linaloanza lisitazamwe na mjane, mwanzo wake utaoza. Mimi Mchaga na Mkristo niliruhusiwa, kwa kuwa sikuhesabiwa kuwa mtu yeyote.

"Ukishuka unieleze," alisema, akikanda unga. Hakutaja ahadi. Lakini nilimwona amevaa sari yake nyeupe mpya, na nywele amezichana.

Ravindrabhai alikitoa kioo sandukuni akakilaza juu ya meza fupi, uso juu. Wanawake wakasema aa, wakajiona. Ndipo Ba akasogea, akachovya kidole cha pete kwenye kumkum iliyoloweshwa, na kabla sijaelewa alikuwa ameshatia alama katikati ya ile fedha. Kisha juu, chini, kulia, kushoto. Akabandika mchele. Akapasua nazi, akanyunyiza. Ilikuwa mizani kwake, ilikuwa mikasi, chombo kama vyombo vingine, na alikipenda kwa siku ile kuliko alivyowahi kukipenda.

Nilimtazama Ravindrabhai. Alifungua mdomo. Kulikuwa na nafasi ya neno moja pale, Ba, ngoja, na lingetosha. Lakini wageni walikuwa wamekutanisha viganja vifuani, na yeye ni mtoto wa kwanza wa kiume. Akafunga mdomo. Matone yalipoanza kutiririka, Ba akavuta pindo la sari yake akayafuta, kwa nguvu, kama anavyofuta sinia la shaba.

Fedha ikatoka na pindo.

Walikifunga hivyo hivyo ndani ya bomba kubwa la darubini, wakavuta kamba, paa likasogea. Mzee mmoja mwenye duka la khanga akapewa heshima ya kwanza. Aliinama muda mrefu. "Ravindrabhai," alisema alipoinuka, "mwezi wako una surua." Watu wakacheka. Wa pili akasema kwamba yeye ameona achari ya embe. Wakacheka zaidi, wakapanga foleni kwa raha, kila mmoja na ugonjwa wake aliouona mwezini. Ravindrabhai alisimama kando na koti lake jipya, anacheka nao, shingo imelowa.

Nikashuka. Jayaben aliacha unga. Nilimweleza kila kitu, kumkum, maji ya nazi, pindo, na nilitegemea akae chini. Badala yake alipumua.

"Basi ni fedha tu," alisema. "Kioo chenyewe kizima. Nitakiosha, nitatia nyingine. Kesho kutwa kinakuwa kama jana. Bhai yuko pale wanamcheka na hajui."

"Anajua," nilisema.

Alikuwa ameshaanza ngazi.

Nilimfuata. Alitokea darini katikati ya zile rangi zote, mweupe, unga bado kwenye viwiko, na kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akamvutia bintiye nyuma ya sari yake. Jayaben hakuwatazama. Alimwendea shemeji yake akasema polepole, kwa adabu, "Bhai, ni utando tu. Kioo hakina kosa."

"Nani kamwita huyu?" Ba aliuliza. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akauinua juu ili wageni waone vile vidole vyeusi. "Tazameni. Hii ndiyo mikono iliyokishika miaka miwili. Amemla mume wake, sasa amekula kazi yake."

Jua lilikuwa chini, na kwenye pindo la sari ya Ba, mahali alipofutia, kulikuwa na doa la fedha pana kama kiganja, linameremeta. Mimi nililiona. Mzee wa khanga aliliona, akatazama viatu vyake. Ravindrabhai aliliona kwa muda mrefu kuliko sote. Watu wote walikuwa wanamngoja yeye.

"Nilikukataza usikiguse," alimwambia Jayaben.

Ba alitaka kitupwe baharini. Lakini muuza vyuma hatupi kitu. Asubuhi yake Ravindrabhai alikileta jikoni kwa mikono yake mwenyewe, akakilaza mezani mbele ya shemeji yake, uso chini, mgongo juu. Aliupapasa ule mgongo. "Umenyooka vizuri," alisema. "Kitafaa kusukumia chapati."

Obzavatori ikatiwa kufuli. Jayaben hakupanda tena darini, hata kuanika. Jioni wageni waliendelea kuja, na mtu akiuliza, Ravindrabhai alimega chapati, akaichovya, akasema kazi inaendelea, kioo kingine kimeagizwa, kikubwa zaidi, meli tu ndizo zinachelewa. Zilichelewa muda wote niliofua pale.

Siku yangu ya mwisho, kabla hatujahamia Buguruni, nilimkuta Jayaben anasukuma chapati. Severa alikuwa ameshaanza kukimbia na kuvunja vitu, nami nikasema mzaha wa kumuaga. "Sakafu hii ya saruji, Jayaben. Mkono ukiteleza mara moja, si umepumzika?"

Hakucheka. Alikung'uta unga, akakiinua kioo kwa mikono miwili, akakigeuza. Ule uso wa shimo ulikuwa safi kama maji. Chini yake alikuwa ametandika kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kimekunjwa mara nne. Akanishika kidole akakipitisha taratibu kutoka ukingo mpaka katikati na kurudi. Nilitafuta. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Kutoka ukumbini Ba aliuliza kulikoni, mbona chapati zinachelewa.

Jayaben akakilaza tena kwenye kitambaa chake, uso chini, akachukua donge jingine.