Barafu Ambayo Hajaikanyaga

1.

"Umeshawahi kuikanyaga?"

"Sijawahi, mama."

"Hata kuiona?"

"Kwa picha za setilaiti tu."

"Na ndiwe unayewaambia walioko huko ina unene gani!"

Nakijwa alicheka mpaka simu ikataka kumponyoka. Yeye yuko ofisini Dar es Salaam, feni inazunguka. Mama yake yuko Same, anapepeta mchele. Barafu yenyewe iko Antaktika, ncha ya kusini ya dunia.

2.

Akamweleza hivi: mwaga uji kwenye sinia lililoinama. Ukijua sinia limeinama kiasi gani, na ukiona uji unavyokwenda, utakisia unene wake bila kuchovya kidole. Barafu nayo hutiririka, ila polepole mno. Hesabu hiyo inafanywa na kompyuta.

"Na sinia likipakwa mafuta?"

"Hapo hata tabaka jembamba la uji litakwenda mbio."

"La kwako limepakwa?"

"Sijui, mama. Ndilo linaloninyima raha."

3.

TAARIFA KWA WATAFITI WOTE
Jedwali la unene lijazwe namba moja kwa kila eneo. Majibu ya "inategemea" hayatapokelewa.
Ofisi ya Mradi

4.

Kama chini panateleza: kilomita mbili na nusu.

          Kama chini pameganda na mwamba: kilomita tatu.

Nakijwa akaandika zote mbili.

5.

(Ofisini kwa Profesa Kalugira, mkuu wa mradi. Kwenye korido walisikia kila neno.)

"Wachimbaji hawachimbi 'huenda', Nakijwa. Chagua."

"Nichagueje nisichokijua, Profesa?"

"Basi nachagua mimi."

Akachagua mbili na nusu. Waya wa mtambo wa kuchimba barafu hadi kwenye mwamba ukakatwa kwa kipimo hicho, na akiba kidogo.

6.

Wewe unayesoma, umewahi kutaka kujua kitu hadi chakula kikapoa mbele yako? Basi Nakijwa unamjua. Wenzake walihofia msimu kupotea bure. Yeye pia alihofia. Lakini alipojilaza, hofu ilisogea pembeni, swali likapanda kitandani: panateleza, au pame—

7.

Simu ya setilaiti. Henriksen, kiongozi wa wachimbaji, upepo ukivuma nyuma yake:

"Waya umekwisha."

"Mmegusa mwamba?"

"Hatujagusa. Kinachotoka ni barafu."

Bado.

Barafu.

8.

Profesa, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alivua miwani, akaifuta.

"Nimewaponza watu wa watu," alisema.

Nakijwa angeweza kumwambia, si nilisema? Hata halikumjia. Alikuwa ameshavuta kiti.

"Profesa, kama pameganda, barafu ya chini kabisa haijayeyuka tangu ilipoanguka ikiwa theluji. Hewa ya wakati ule bado imo, imefungwa kwenye vipovu."

"Wakati upi?"

Simu ya Henriksen ilikuwa bado hewani, upepo ukivuma.

Profesa akarudisha miwani, akainama karibu na skrini.

"Wakati upi, Nakijwa?"

"Tukisema theluji hiyo ilianguka kabla binadamu hajaanza kuwapo duniani, huenda hatukosei."