Soksi Yenye Chubwi

Fomu ilikuwa mezani tangu Jumatano, nimeiwekea kopo la sukari juu ili isipeperuke mlango ukifunguliwa. Binti yetu Hajnal alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko wake mzuri, akaacha mstari mmoja wa mimi kutia sahihi. Kule mjini Veszprém, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, kilikuwa kimepatikana kitanda kimoja, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Hajnal hakunilazimisha. Alisema tu kwenye simu kwamba nina miaka sitini na minane na mgongo mbovu, na kwamba yule ninayemgeuza kitandani kila usiku si baba yake tena, ni mwili wake tu.

Ningependa kusema maneno hayo yaliniuma. Hayakuniuma. Tangu Oktoba, mume wangu Dezső alipoanguka mbele ya ghala la kuni na upande wake wa kulia ukafa ganzi, mimi nami nilikufa ganzi, ila mimi nilikuwa bado natembea. Nilimwosha, nikamlisha supu ya maharage, nikambadilisha nguo, nikaosha vyombo. Watu wa kijijini waliponipa pole niliwajibu asante na kuendelea kuchagua vitunguu.

Neno moja tu lilikuwa limembakia: ndoo. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule ukishafuta maneno huweza kuacha moja likakwama, na hakuna ajuaye kwa nini liwe hilo. Mkate ulikuwa ndoo, choo kilikuwa ndoo, na mimi, mkewe wa miaka arobaini na miwili, nilikuwa ndoo. Mwanzoni nilitafuta maana kwenye sauti yake. Kufika Krismasi nilikuwa nimeacha. Macho yake yalikuwa yananipita na kwenda ukutani, siku nzima, na mimi nikazoea kupitwa.

Ndipo akaja Kornél. Huyu ni rafiki yake wa chama cha wapenda nyota, fundi mstaafu wa taa za reli, mtu ambaye hajakosea tangu azaliwe na atakwambia hivyo mwenyewe. Alikaa jikoni kwangu akala pogacha saba za moto, vile vimkate vya chumvi, kisha akasema amekuja kwa ajili ya ile picha ya Kichwa cha Farasi.

Nilikuwa naijua. Nani asiijue humu ndani? Darubini ile ilikuwa mke mwenza wangu kwa miaka thelathini, yeye bustanini kwenye kibanda chenye paa la kusukuma, mimi ndani na blanketi. Kichwa cha Farasi ni wingu jeusi la vumbi la angani, chini ya mkanda wa lile kundi la nyota la Orioni, na Dezső alikuwa amelipiga picha kwa majira matatu ya baridi, mamia ya picha, ili azipange moja juu ya nyingine ziwe moja. Zilikuwa zimepungua picha za saa mbili tu. Kornél alisema zikipigwa sasa hivi, Februari, kazi ya mzee itakuwa imekamilika. Ikifika Machi, wingu litakuwa linazama mapema nyuma ya kilima.

Nikakubali, kwa sababu yangu mwenyewe ambayo sikumwambia mtu. Nilijiambia nitamweka Dezső pale kwenye kiti chake cha magurudumu, kando ya kitu alichokipenda kuliko supu yangu. Akikitambua, anakaa nyumbani. Macho yake yakikipita kama yanavyonipita mimi, natia sahihi.

Kuna jambo moja nilisahau kumwambia Kornél, kwa kuwa sikujua kama ni jambo. Mwezi Novemba nilikisafisha kile kibanda. Mimi nikiwa na huzuni hufanya usafi, na nikikosa hata huzuni hufanya usafi zaidi. Kwenye stendi ya darubini, kwenye ule ufito wa chuma panapokaa vyuma vya uzito vya kuisawazisha, nilikuta soksi kuukuu ya sufu imefungwa kwa waya, imejazwa chubwi, zile risasi za kuzamishia nyuzi za kuvulia samaki. Nikaona huo ni uchafu wa kiume tu. Zile chubwi nikazitia kwenye chupa ya jemu, soksi nikaitia kwenye jiko la kuni.

Jumamosi jioni theluji ilikuwa imeganda na mbingu ilikuwa safi. Nilimvika Dezső makoti mawili, nikamfunika blanketi magotini, nikamsukuma hadi kibandani. Kornél alikuwa ameshaanza. Stendi ile ina mota, na kazi yake ni kuizungusha darubini polepole ikifuata nyota zinavyokwenda magharibi. Ili mota isielemewe, alisogeza vyuma vya uzito huku na huku, sentimita kwa sentimita, mpaka darubini ikakaa popote alipoiachia, haipandi wala haishuki.

"Tazama, shemeji," akaniambia. "Hata nzi akitua upande mmoja, italalia huko. Mzee wako hakuwahi kuisawazisha hivi."

Nikamwambia mzee wangu hakuwahi kusawazisha chochote, hata mapazia. Dezső alikuwa anatazama mlingoti wa geti.

Picha ya kwanza ilichukua dakika tano. Ilipotokea kwenye kompyuta, hata mimi niliona ina kasoro. Nyota zote zilikuwa zimevutika kama punje za mchele, zimelala upande mmoja. Kornél akasema hilo ni dogo. Akalala kifudifudi kwenye theluji kuitafuta Nyota ya Kaskazini kupitia kitundu cha stendi, akazungusha skrubu mbili, akapiga tena. Mchele. Akaweka pimamaji kwenye miguu ya stendi, mguu mmoja ukawa umezama kidogo, akauinua. Mchele. Akakuta waya wa kamera umekakamaa kwa baridi na unavuta, akaufunga vizuri kwa kamba. Mchele tena, na sasa punje nyingine zilikuwa pacha.

Saa tatu kasoro tukafunga paa. Usiku ule nikamlaza Dezső, nikamgeuzia ukutani kama alivyozoea kulala, nikarudi jikoni na kuitazama fomu. Nilijiambia, basi. Sikulia. Nilitafuta kalamu, sikuiona, nikaenda kulala.

Jumapili Kornél alirudi na sanduku la spana, pamoja na chupa ndogo ya palinka, pombe kali ya plamu, ambayo alisema ni ya kupashia vidole joto. Mchana kutwa aliifungua stendi, akafuta grisi ya zamani, akatia mpya, akakaza gia mpaka meno yakabanana. Kisha akaisawazisha upya, kwa uangalifu kuliko jana. Alikuwa amekasirika, na mtu mwenye kiburi akikasirika hufanya kazi nzuri sana.

Giza lilipoingia tukafungua paa. Orioni alikuwa kusini mashariki, juu ya bomba la moshi la jirani. Kornél akapiga. Tukasubiri dakika tano, Dezső kati yetu kwenye kiti chake, ufito wa stendi ukiwa karibu na goti lake. Picha ikatoka. Mchele.

Kornél aliitazama muda mrefu. Akasema taratibu kwamba huenda jino la gia limepasuka kwa baridi, na kwamba amefanya yote anayoyajua. Sijawahi kumsikia akisema hivyo, na nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kujisikia. Akaanza kukusanya spana.

"Ndoo," Dezső akasema.

Nikaenda kuleta ndoo, kwa maana mara nyingine ni kichefuchefu. Nilipoileta na kuiweka miguuni pake, aliisukuma kwa mguu ulio mzima ikabingirika hadi kwenye theluji. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akauokota mkono wake wa kulia kutoka mapajani, ule uliokufa, akauweka kwenye ufito wa stendi, nje ya vyuma vya uzito. Ukaning'inia pale.

"Mzee, toa mkono," Kornél akasema. "Unaitikisa."

Mkono ukateleza wenyewe. Dezső akauokota tena, akauweka palepale. Kornél akautoa kwa upole, akamrudishia mapajani, akamtazama kwa ile huruma ambayo watu humtazamia mtoto. Dezső akauokota mara ya tatu. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

"Mwache," nikasema.

"Shemeji, hajui anachofanya."

"Nimesema mwache."

Nikaja nikauinua ule mkono kutoka kwenye ufito. Mimi ndiye ninayeuosha kila asubuhi, naujua uzito wake kuliko ninavyoujua wangu. Nikausikia ukinilemea kiganjani, na hapo ndipo nilipojua umewekwa pale badala ya kitu gani.

Nilikimbia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokimbia ni lini. Chupa ya jemu ilikuwa stoo nyuma ya matango ya siki. Nilirudi nayo kibandani ndipo nikakumbuka soksi nimeichoma, basi nikakaa juu ya ile ndoo, nikavua kiatu, nikavua soksi yangu mwenyewe ya sufu, nikazimimina chubwi ndani. Kiatu nikakirudisha mguuni hivyohivyo.

"Pale palipokuwa na mkono wake," nikamwambia Kornél. "Ilikuwepo. Niliitoa mimi."

Kornél alishika soksi ile, bado ina joto, akatazama ufito, akatazama mashariki. Nikaona uso wake ukielewa. Akaifunga kwa waya. Ilipokwisha kukaa, na picha inapigwa, ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, kama anaungama. Meno ya gia hayabanani kabisa hata ukaze vipi. Darubini ikiwa sawasawa pande zote, meno hayana cha kuegemea, yanacheza mbele na nyuma, na nyota inacheza nayo. Inatakiwa upande wa mashariki, huu wenye ufito, uelemewe kidogo, ili mota iwe na mzigo wa kuinua muda wote. Alisema hilo ni jambo alilowahi kulisoma na kulipuuza.

"Nilisawazisha mno," akasema.

Dakika tano zikaisha. Nyota zilikuwa nukta. Zote, mpaka pembeni, na katikati, mbele ya mwanga mwekundu wa angani, kile kichwa cheusi kimesimama na shingo yake.

Dezső aliitazama. Hakuipita. Aliitazama kutoka kona hadi kona kama alivyokuwa akifanya, akitafuta kosa, na alipolikosa akatoa pumzi puani. Niliijua pumzi hiyo. Kwa miaka thelathini aliingia nayo kitandani kwangu saa nane za usiku, na miguu ya baridi.

Nikadhani yamekwisha, na kwangu yalikuwa yametosha. Lakini aligeuka kutoka kwenye picha. Akanitazama mimi, halafu akatazama chini, kwenye kiatu changu, pale kifundo cha mguu kilipokuwa kitupu. Mkono wake wa kushoto ukaanza kulivuta blanketi kutoka magotini pake. Lilikuwa limebanwa na gurudumu. Akalivuta, akalivuta, likatoka, akalitupa miguuni pangu.

"Ndoo," akasema, kwa hasira.

Ndipo baridi iliponipata, mguu mzima hadi gotini, na pamoja nayo kila kitu tangu Oktoba. Nililia mbele ya Kornél bila haya, nimekaa juu ya ndoo, nimejifunga blanketi mguuni, na Kornél akajifanya ana kazi nyingi kwenye kompyuta. Picha ziliendelea kupigwa mpaka Orioni akafika kusini. Tulipata saa moja na nusu.

Jumatatu Hajnal alipiga simu mapema. Nikamwambia baba yake anakaa. Akauliza kama amepata nafuu, kama ameanza kusema. Nikamwambia hapana, hajapona, na huenda asipone, na neno lake ni lilelile. Nikamwambia amenigombeza kwa sababu ya soksi.