Isale Getini

Siku ya Jumatano tulikuwa jikoni kwa mwanangu Sia, huku Overport, katika nchi ya Wazulu, tunachambua mchele, akaniambia, "Mama, Jumamosi jiandae. Tunakwenda kumwona Clara akicheza."

Clara ni binti yake. Yuko chuo kikuu mwaka wa pili, na anachezea timu ya mpira ya wasichana wa chuo. Nikaitika vizuri, lakini mkono ulisita kwenye ungo.

Sababu naijua mimi. Sia naye alikuwa mchezaji. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, kule kwetu Rombo, mwalimu alimchagua aende mashindano ya mkoa. Mimi nikasema msichana hawezi kukimbia na kaptula mbele za watu. Alfajiri ya safari nikazichukua raba zake, nyeupe zenye mstari wa bluu, nikazitia motoni chini ya sufuria ya uji. Zilitoa moshi mweusi. Sia alisimama mlangoni akatazama mpaka zikaisha, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakulia. Mpira hakuugusa tena, na kwa miaka thelathini hatujalitaja jambo hilo.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, lile jani refu la kijani, limefungwa fundo. Akilipokea, amekusamehe. Mzazi kumpelekea mwanawe sijawahi kuona, lakini niliona nimechelewa vya kutosha. Jirani yetu ana masale kwenye ua wake, yeye anayaita maua tu. Ijumaa nikamwomba jani moja, nikalipangusa vumbi kwa khanga, nikalifunga fundo, nikalilaza mkobani juu ya maandazi.

Nilipanga kumpa Sia kabla hatujatoka nyumbani. Nikashindwa. Nikasema basi, garini. Tukapita Berea, tukasimama kwenye robot tatu, ndizo taa za barabarani; ikiwa nyekundu nafungua mkoba, ikiwa ya kijani naufunga.

Getini palikuwa na foleni. Wanafunzi wamejipaka rangi usoni, ngoma zinalia, nyama inachomwa, na mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake amevalishwa jezi inayomfika miguuni. Bawabu, Mzulu mmoja mpana wa mabega, akakagua mkoba wangu. Akalitoa jani kwa vidole viwili, kama ameshika mkia wa panya.

"Eish, gogo," akasema, yaani bibi, kisha akaongeza maneno mengi.

Sia akageuka. "Mama, anasema muti, dawa za waganga, haziingii uwanjani. Anadhani umekuja kuroga timu."

Nyuma yetu alikuwa Papa Anicet, Mkongo tunayesali naye. "Bibi, kama iko dawa ya magoli, utugawie na sisi! Hii timu yetu iko inafungwa kila wiki!"

Watu wakacheka. Bawabu hakucheka. Akauliza tena.

"Anauliza ni la kazi gani." Sia akalitazama lile jani vizuri. "Mama. Si isale hili?"

"Ndilo. Mwambie ni la kuombea msamaha."

Akamwambia, akasikiliza jibu. "Anauliza unamwomba nani. Refa?"

"Mwambie namwomba binti yangu. Nilimchomea raba zake."

Badala ya kutafsiri, Sia akanigeukia. Papa Anicet akavua kofia. Bawabu akanitazama mimi, akamtazama Sia. Mwishowe Sia akasema maneno machache ya Kizulu, na mpaka leo sijui alisema nini. Ila bawabu alilishika lile jani kwa mikono yote miwili, akampa yeye, si mimi.

Sia akalipokea.

"Sharp, gogo," bawabu akasema, yaani sawa, akatupisha.

Tulikaa safu ya tatu. Sia aliliweka isale mapajani, akawa analinyoosha kwa kidole. Halafu, macho yakiwa uwanjani, akasema, "Zile raba zilikuwa zinanibana."

"Mwongo wewe."

"Zilikuwa za dada Coletha, Mama. Vidole vyote vilikunjamana."

"Nisamehe tu, usinipunguzie."

"Nimeshapokea. Tazama mpira."

Kipindi cha pili Clara alipata mpira, na Sia akaruka juu. "Geuka! Mguu wa kushoto, Clara, kushoto!" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Clara akapiga kwa kushoto, ukagonga mwamba, ukarudi. Tulifungwa mbili bila. Mimi nilimshukuru Mungu kama tumechukua kombe.

Nilimshukuru na bawabu pia. Asingenizuia, jani lingerudi nyumbani mkobani na maandazi. Tulipotoka nikampa mawili yaliyobaki. Akayageuzageuza, akamwuliza Sia jambo. Sia akacheka mpaka akaniegemea begani.

"Anauliza kama yana muti."

"Mwambie yana iliki."