Lori la Kanali

Dereva mmoja alipopoteza mkono kwenye winchi, ile mashine ya kukunja waya, ya lori jipya la kuvuta magari yaliyonasa, Kanali wa ununuzi aliandika neno moja kwenye faili: uzembe. Hakuandika kwamba malori yale yalifika kambini bila hata siku moja ya mafunzo, na vitabu vyake vikiwa katika lugha ambayo hakuna dereva aliyeijua. Dereva akaachishwa jeshi.

Dada yake akasomea uandaaji wa mafunzo, na baada ya miaka sita akapata kazi ofisini kwa Kanali yuleyule. Jina la mumewe lilimficha. Wote walimwita Mwalimu.

Yaliponunuliwa malori mengine, Mwalimu alipenyeza kifungu kwenye mkataba: lori halipokelewi mpaka mtu asiyelijua ajifunze kwa kitabu cha muuzaji, kisha aendeshe winchi mbele ya kamati. Kanali alisaini bila kusoma, na kitabu nacho akakipitisha bila kukifungua.

Siku ya majaribio, Jenerali aliuliza, "Mwanafunzi yuko wapi?"

"Kanali mwenyewe, afande," alisema Mwalimu. "Amethibitisha kwa maandishi kwamba kitabu kinajitosheleza."

Kanali akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akakaa nusu saa na kitabu, jasho likimchuruzika, kisha akavuta mpini. Haukuwa mpini uliotakiwa. Waya ulikaza, ukakatika, ukachapa wavu wa kinga uliokuwa mbele yake kwa kishindo. Kanali akajikuta chini, makalio kwenye oili.

Mwalimu akamsogelea. "Tuandike uzembe, afande?"

Kanali alimkodolea macho, na hapo ndipo alipomtambua. Jenerali akataka kujua kuna nini. Mwalimu akamkabidhi faili la kaka yake, lililokuwa tayari kwapani.

Mwezi haukuisha, Kanali akastaafishwa. Faili likasahihishwa, na malori yakasubiri mafunzo yaandikwe upya, madereva wakishirikishwa tangu ukurasa wa kwanza.

Mwalimu alimsimulia kaka yake yote, jikoni kwake.

"Aliumia?" kaka yake aliuliza.

"Hapana. Wavu niliufunga mwenyewe asubuhi ile. Shingo upande, lakini niliufunga."

"Ulitaka aumie?"

"Nilitaka, kaka."

"Hata mimi," alisema kaka yake, akamsogezea kiti.