Dobi Katika Picha za Mwenyekiti

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Chama cha Kumbukumbu za Mtaa hufungua chumba chake juu ya duka la vyuma na kupanga picha za zamani kwenye meza ndefu. Watu huja na miwani yao, hunyoosha vidole: huyu shangazi, huyu fundi baiskeli. Katibu huandika majina nyuma ya picha kwa penseli. Maelezo ya mbele, yaliyopigwa chapa, hayaguswi mpaka waje mashahidi wawili waliokuwepo. Kanuni hiyo aliitunga Mwenyekiti mwenyewe.

Chini ya picha ya kichochoro cha madobi pameandikwa: "Wakazi walihama kwa hiari." Uongo mtupu! Tingatinga lilikuja watu wakipiga pasi. Dobi mmoja alirudi ndani kuokoa nguo za wateja, akafukiwa nazo. Aliyesimama kando ya tingatinga na karatasi mkononi ndiye leo Mwenyekiti.

Binti wa dobi huyo, mshonaji, alikuja Jumamosi kumi na moja mfululizo akitaka maneno yale yafutwe.

"Mashahidi, dada yangu," Mwenyekiti alimwambia kila mara, kwa upole wa kuudhi.

Jumamosi ya kumi na mbili alikuja nao. Mama yake, yule dobi aliyefukiwa, aliingia na pasi ya mkaa, vumbi la matofali nywelini. Nyuma yake alikuwa jirani yao muuza sabuni, aliyekufa kwa presha mwaka uliofuata bomoabomoa ile. Katibu aliwavutia viti, akafungua dirisha, maana pasi ilikuwa ya moto. Wote wawili wakatia dole gumba daftarini.

"Anwani?" Mwenyekiti aliuliza. "Shahidi lazima awe na makazi mtaani."

"Pale ulipojenga nyumba yako," dobi alijibu.

"Pale naishi mimi. Anwani hii haikubaliki."

"Haya, baba. Basi mimi nitakaa popote utakapokaa wewe."

Akaokota pasi yake, wakashuka ngazi.

Wiki hiyo Mwenyekiti alimwoza bintiye. Picha zilipotoka, pembeni mwa bibi harusi, mahali pa baba yake, alisimama dobi na pasi. Mwenyekiti akaenda kupigwa picha ya pasipoti. Akatoka dobi, ametulia, macho mbele. Ofisa alimrudishia fomu na kumwomba alete picha yake mwenyewe. Hata zile za ujana wake, ndani ya albamu, zilikuwa zimeshahamiwa.

Akaenda kwa mshonaji, kofia mkononi.

"Mwambie mama yako anitoke."

"Badilisha maelezo."

"Hilo siwezi. Wajukuu watanionaje?"

"Kwani sasa wanakuona?" Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Leta mashahidi wawili waseme aliye pichani ni wewe."

Alifurahi kusema hivyo, wala hakuona haya kufurahi.

Mwenyekiti akamleta kaka yake na mkewe. Kaka aliitazama picha, akakohoa, akasema ana haraka. Mke aliishika muda mrefu.

"Mume wangu humu simwoni," alisema. "Ila huyu mama namjua. Gauni langu la harusi alilipiga pasi yeye. Mkono mwepesi kweli."

Mwenyekiti alikufa kabla ya mwaka kuisha. Mbele ya jeneza ilibebwa picha ya dobi, kwani hapakuwa na nyingine, na waombolezaji waliililia vizuri tu. Chama kikaitundika ukutani, chini yake: "Mwenyekiti wetu, mlezi wa historia." Mjane huja kuifuta vumbi, na husema kioo chake kina joto.

Mshonaji bado huja kila Jumamosi. Humsalimia mama yake, kisha huenda meza ndefu. Mwenyekiti mpya, mkwe wa yule wa kwanza, humwambia kanuni ni kanuni. Mbele yao iko picha ya kichochoro, na wakazi wake bado walihama kwa hiari.