Vyombo vya Yotham

Jumanne saa mbili asubuhi Hilda alikuwa ananyunyizia maji kibaraza cha ofisi yake, kule Makole, ili vumbi litulie kabla watu hawajaanza kuja. Alipoinua macho alimwona mwanaume amesimama getini na vyombo vya jikoni nyuma yake. Kulikuwa na mchi, mwiko, sufuria iliyobonyea ubavuni, na kigoda cha miguu mitatu. Kigoda kilikuwa bado njiani kwa sababu mguu wake mmoja umepasuka, na mwanaume alikuwa anakisubiri kifike ndipo abishe hodi.

"Mbukwenyi, mama," alisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa. Karibu ndani. Na hivyo navyo viingie, hapo nje vitagongwa na bodaboda."

Hilda alikuwa msaidizi wa kisheria kwa mwaka wa kumi na moja. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Wanawake waliopigwa alijua kuwapigania, tena kwa mdomo mkali. Wanaume walikuja kwake kwa mambo ya mashamba na mirathi tu. Huyu alikaa pembeni kabisa ya benchi, vyombo vikajipanga ukutani.

Aliitwa Yotham, mkulima wa zabibu wa Hombolo. Mkewe, Ruthu, alikuwa anampiga kwa mwaka wa sita sasa. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mbolea.

"Kitu kikishanipiga hakikai tena jikoni," alieleza. "Kinanifuata. Nikienda shambani kinakuja, nikienda kanisani kinanisubiri nje. Mchi ndio ulianza, mwaka ule mvua ilipogoma."

"Polisi ulikwenda?"

"Nilikwenda kuomba PF3 nikatibiwe. Askari akaniuliza nimepigwa na wangapi. Nikasema mmoja. Akauliza nani. Nikasema mke wangu, mama Loisi. Walicheka, mama. Mmoja akaenda kuwaita wenzake chumba cha pili waje wanione. Nikaondoka."

Hilda naye alisikia kicheko kinampanda kooni, akakimeza. Akamuuliza anataka sheria imfanyie nini.

Yotham alitaka talaka, na alitaka kuondoka na mtoto. Loisi alikuwa na miaka sita, na mama yake alikuwa hajamgusa bado. "Lakini nikitoka peke yangu," alisema, "ule mkono utamtafuta aliyebaki."

Shauri la ndoa haliendi mahakamani kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi, kwa hiyo Hilda aliandika maelezo ya kupeleka kwenye baraza la kanisa lao. Hapo ndipo alipokosea. Alikosea kwa wema, na ndiyo maana kosa lenyewe halijamtoka rohoni mpaka leo. Alipofika penye sababu ya shauri, aliifikiria ile karatasi ikipita kwa katibu, kwa wazee wa kanisa, kwa karani wa mahakama, na kila mmoja wao ana rafiki na ana mdomo. Mwanamke aliyepigwa huandikwa kwamba amepigwa. Mwanaume husitiriwa. Ndivyo Hilda alivyolelewa, na ndivyo walivyolelewa wote ambao wangeisoma. Akaandika: kutoelewana kwa muda mrefu.

Alimsomea. Yotham alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Mchi ulipiga hatua moja kuelekea mezani, ukasita, ukarudi ukutani.

Baraza lilikaa mara tatu. Mwenyekiti, Mzee Ernest, aliruhusu vyombo vikae karibu na mlango bila kuziba njia. Ruthu alikuja na kitenge cha umoja wa akina mama, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akajibu kila swali kwa upole. Alipoulizwa kuhusu mchi alisema ni wake, alipewa na mama yake siku alipoolewa, na tangu ulipoanza kumfuata mume anatwangia kwa jirani. Wazee walimwonea huruma sana. Yotham alipojaribu kueleza kwa nini ulimfuata, Mzee Ernest aliinua kiganja.

"Kijana, vyombo vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Hapa pameandikwa kutoelewana, na sisi tunashughulika na yaliyoandikwa. Ya chumbani yabaki chumbani."

Cheti kilitoka kikisema kwamba wanandoa wameshindwa kupatana, sababu ni kutoelewana, na pia mume ameondoka na vyombo vya jikoni.

Wakati wote shauri likiendelea Yotham alilala kwa kaka yake, na Loisi akabaki kwa mama yake. Mahakamani Hilda alimsindikiza kila tarehe, hata zile za kuambiwa tu kwamba shauri limeahirishwa. Alimfundisha kusimama wima, kujibu alichoulizwa, kutomwangalia Ruthu wakati wa kuzungumza. Karani alivibandika vyombo karatasi zenye namba, kielelezo cha kwanza hadi cha nne, kisha akauliza kama mchi utaapa na kwa dini gani. Hakimu, mama mtaratibu mwenye miwani, alielekeza usiape, ubaki kielelezo tu.

Siku ya ushahidi Yotham alivua kofia akaonyesha kovu la sufuria, akakunja shati akaonyesha la mwiko. Aliongea vizuri, bila kutetemeka. Wahenga walishasema mwenye kovu usidhani amepoa, na kila aliyekuwa mle ndani aliyaona makovu hayo. Hakimu aliyatazama kwa makini, kisha akarudi kwenye jalada, akafunua karatasi moja moja.

"Haya mbona hayamo kwenye maelezo yako? Wala kwenye cheti cha baraza hayamo. Miezi saba ilikuwa kutoelewana, leo imekuwa kipigo?"

Hilda alisimama kule nyuma. "Mheshimiwa, aliyeandika ni mimi. Yeye alisema tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemfi..."

"Mama, kaa chini. Wewe si shahidi wala si wakili."

Akakaa. Aliuma midomo, na aliumia. Laiti angekuwa ameandika neno moja tu, lile lililosemwa.

Siku ya hukumu Ruthu alikuja na Loisi aliyevaa sare ya shule, amemshika mkono. Nyuma ya mtoto ulikuwa unakuja upawa. Askari wa mlangoni alivuta buti lake ndani ili upite. Ulifika hadi kwenye benchi, ukasimama kando ya goti la Loisi, na hakuna aliyekuwamo mle ndani ambaye hakuuona.

Yotham aliinuka. "Loisi, huo umeanza lini?"

"Juzi, baba."

Hakimu aligonga meza akataka utulivu, akasoma. Haikuthibitika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mtoto wa kike wa umri huo abaki na mama yake. Mume arudishe vyombo vyote nyumbani ndani ya siku tatu. Kuhusu upawa, mahakama imeuona, ila kwa kuwa umefika baada ya ushahidi kufungwa, hautapewa namba. Alivua miwani, akaufuta ukungu wake kwa upindo wa joho, akaita shauri linalofuata.

Nje jua lilikuwa kali. Hilda alimshika Yotham mkono. "Tunakata rufaa. Safari hii nitaandika yote, kama ulivyoyasema."

"Rufaa itachukua miezi, mama. Mtoto ni leo." Alikuwa anafungua vifungo vya shati la mahakamani, lile jeupe aliloazima kwa kaka yake. "Narudi nyumbani. Nikiwepo, mkono wake utanitafuta mimi."

"Atakuua, baba Loisi."

"Asante kwa kunisindikiza," Yotham alisema, na aliisema kwa moyo mweupe. Hilda angeona afadhali atukanwe.

Waliondoka. Ruthu mbele, amemshika mtoto. Nyuma ya mtoto upawa. Kisha Yotham, na nyuma yake mchi, mwiko, sufuria, na kigoda kikichechemea mwishoni. Waliokuwa wamekaa kivulini wakisubiri mashauri yao walikusanya miguu kuwapisha.

Hilda alikuwa bado amesimama kwenye ngazi aliposikia zipu ya mkoba wake inafunguka. Kalamu yake ya bluu, ile aliyoandikia maelezo, ilitoka, ikashuka ngazi moja baada ya nyingine, ikakipita kigoda na kuingia kwenye mstari nyuma ya Yotham. Hakuiita irudi.