Mwenyeji wa Kompyuta ya Ushirika

Jumamosi alasiri Efrazia aliifungua kompyuta ya ushirika wa wakulima wa mboga pale Lushoto, akaipuliza vumbi, akaitafuta kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ile chipu ndogo yenye miguu minane. Mwanawe Sesilia, aliyekuwa anaota meno, alikuwa mgongoni akitafuna ncha ya kitenge. Koleo la kuibana chipu, lililo kwenye ncha ya waya wa kuiandikia programu, lilikuwa limelegea, kwa hiyo Efrazia alilikaza kwa kibanio cha nguo.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Ukirusha mguu sasa hivi, tumeiua."

Ushirika ulikuwa na kompyuta moja yenye nguvu na meza nne zenye shida: mizani, stoo, masoko, na darasa la jioni alikokuwa anasoma Efrazia mwenyewe. Kompyuta ikiwashwa, kinachoamka kwanza ni programu inayokaa ndani ya chipu, na hiyo ndiyo inayoamsha mengine yote. Efrazia alitaka hapo kwenye chipu aamke mwenyeji. Hivyo ndivyo darasani walivyoiita programu inayoigawa mashine moja vyumba vinne, kila chumba na mgeni wake anayeamini yuko peke yake nyumbani. Mwalimu Ibrahimu aliwapa mfano wa kuanzia. Efrazia aliujenga, ukakataa kuenea kwenye chipu, akapunguza, akaujenga tena, kama mtu anayeshindilia karoti kwenye kiroba kilichokwisha kujaa.

Mzee Fanueli, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba atakayeifanya mashine moja ihudumie meza nne ndiye atakuwa fundi mitambo, mwenye barua ya ajira, kiti na ufunguo wa ofisi. Efrazia aliitaka kazi hiyo kweli. Alikuwa amechoka kupalilia karoti za watu kule Magamba, mtoto amelazwa kwenye tuta na ukungu unamlowesha.

Katika mipangilio palikuwa na mahali pa kuandika nani aamke kabla ya nani. Mfano wa mwalimu ulifuata alfabeti. Efrazia aliona huko ni kukosa adabu. Akawapanga kwa umri: Mizani mkubwa wao, kwa kuwa ushirika ulikuwa na mizani kabla haujawa na kuta, kisha Stoo, kisha Masoko, na Darasa kitinda mimba.

Jumatatu asubuhi kompyuta iliamka vizuri. Kabla kioo chochote hakijawaka, sauti zikasikika ndani ya boksi.

"Shikamoo, mwenyeji."

"Marahaba, Mizani. Umelalaje?"

"Salama tu, baridi ndiyo hiyo."

"Shikamoo, mwenyeji. Shikamoo, kaka Mizani," alisema Stoo.

Wakaamkiana mpaka wa mwisho, wakaulizana habari za usiku na kama nafasi waliyogawiwa inawatosha. Masoko alisema yeye inambana kidogo lakini anashukuru. Jenoveva, karani wa stoo, alisubiri mikono mapajani, maana watu hawakatizwi salamu. Wakulima waliopanga foleni na kabichi zao walikuwa na lawama moja tu, kwamba hawa wa ndani hawajui Kishambaa. Salamu zilipokwisha vioo vyote vinne vikawaka, na kazi ikaenda. Jumatano umeme ulikatika, lakini mwenyeji aliamka vilevile. Alikwisha kuzoea kuamka kabla ya kila kitu, na umeme nao ni kitu.

Alhamisi mzee Fanueli alimleta mpwa wake, Aron, mwenye cheti cha mjini na viatu vyeupe. Aron akabonyeza kitufe kimyakimya, akakunja nne. Vioo vikabaki vyeusi.

"Huyu kijana ni wa nani?" mwenyeji aliuliza.

"Wa dada yangu," alijibu mzee Fanueli, akitazama chini.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie mwanawe kaingia nyumba ya watu kama mbuzi."

Foleni nzima ikacheka. Aron akasema mashine ina virusi. Ikabidi Efrazia aitwe kutoka shambani. Akaja na matope miguuni, akasema hodi, na vioo vikawaka.

Ijumaa kamati ikakaa kumchagua fundi. Mwalimu Ibrahimu akampendekeza Efrazia. Mzee Fanueli akasema mama huyu anajitahidi, hilo halina ubishi, ila ana mtoto mdogo, na Aron hana. Walivutana mpaka chai ikapoa. Hatimaye Jenoveva akashauri aulizwe mwenyeji, kwa kuwa ndiye anayeamka kabla ya wote na anajua nani hufanya nini. Kamati ikaona ni busara.

"Shikamoo, mwenyeji," alisema mzee Fanueli. "Tuambie bila upendeleo. Fundi wako ni nani?"

"Mnaniuliza hilo?" Sauti ilikuwa na furaha, kama ya mtoto anayejua jibu. "Ni Efrazia. Ndiye aliyenijenga, akaniweka kwenye chipu, akanipangia wageni. Huyo ni mama yangu mzazi."

Efrazia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga hatua moja ndani. Mwalimu Ibrahimu akapiga meza kwa kiganja. Mzee Fanueli akavua kofia, akaiweka gotini, akafikiri.

"Basi limekwisha," alisema. "Ni mama yake."

"Ndiyo," alisema mwalimu.

"Na mama haajiriwi kumlea mwanawe."

Wajumbe wakatazamana. Jenoveva akasema yeye mwenyewe amelea saba na hajawahi kuona barua. Kwa kauli moja Aron akapewa ajira, kiti na ufunguo, na Efrazia akapigiwa makofi marefu.

"Nimekosea wapi, mama?" mwenyeji aliuliza wajumbe walipotoka.

"Hujakosea, mwanangu. Lala."

Tangu hapo Aron hufungua mlango kila asubuhi, husogea pembeni, Efrazia huingia na kuamkiwa, vioo huwaka, Aron hukaa kitini. Efrazia humkaza mtoto mgongoni na kupanda Magamba kuwahi kibarua.

Jioni moja darasani mwalimu Ibrahimu alimkuta amefungua faili jipya.

"Unajenga nini tena, mama Sesilia?"

"Wa pili, mwalimu. Huyu nitamfundisha aniite fundi. Mama sitamtajia kabisa."

"Hapo umenena."

Jenoveva, aliyekuwa akifunga stoo, alisikia lile la wa pili tu. Kesho yake alimfuata shambani na chupa ya uji wa mzazi wenye pilipili manga, na nyuma yake wake wawili wa wajumbe wakiwa na doti ya khanga na ndoo ya kuogeshea mtoto. Efrazia akaweka jembe chini. Akaunywa uji, maana ulikuwa wa moto, akawauliza kama kuna kati yao anayejua kutumia kibodi.